Talaka ikishatolewa, bima ya afya niliyoipata kupitia mume wangu inaishia wapi?

Subira_N aliuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu wanaolifahamu jambo hili, ama kwa kazi yao au kwa kuwa limewahi kuwafika.

Mimi na mume wangu tumeishi katika ndoa kwa miaka 14, na kwa miaka 11 kati ya hiyo nimekuwa nikitibiwa kwa bima ya afya ya kazini kwake. Yeye ndiye mwanachama mkuu; mimi na watoto wetu wawili tumeandikishwa kama wategemezi wake. Shauri letu la talaka liko mahakamani na tumeambiwa kwamba hukumu inaweza kusomwa ndani ya miezi miwili. Hatugombani. Mambo ya nyumba na ya malezi ya watoto tumekwisha kuyazungumza na kuyaandika, lakini suala la bima hakuna aliyeligusa hadi sasa.

Nina shinikizo la damu na tatizo la tezi ya shingoni. Nameza dawa kila asubuhi, napimwa damu kila baada ya miezi 3, na daktari amenipangia upasuaji ambao tarehe yake, nikihesabu vizuri, itaangukia wiki chache baada ya hukumu. Nilipomweleza mume wangu hofu yangu aliniambia nisihangaike, kwamba jina langu ataliacha humo humo na ofisini kwake hakuna atakayeuliza. Najua amelisema kwa moyo mweupe, na bado sikulala vizuri usiku ule.

Naomba kujua: bima yangu inakoma siku gani hasa? Watoto nao wanatoka? Mahakama inaweza kumwamuru aendelee kuniweka kwenye bima yake? Na hiyo ahadi yake, naweza kuitegemea?

Meza_ya_Madai alijibu:

Pole kwa kipindi unachokipitia, dada Subira. Nimefanya kazi miaka mingi katika kitengo cha madai cha kampuni ya bima, na faili za namna hii zimepita mikononi mwangu nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nianze na ahadi ya mume wako, maana ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko mengine yote.

Mtegemezi hana mkataba wake mwenyewe na kampuni ya bima. Ameingia kwa mgongo wa uhusiano wake na mwanachama, na mkataba unaposema "mwenzi" unamaanisha mume au mke wa ndoa ambayo bado ipo kisheria. Ndoa ikivunjwa, sababu ya wewe kuwemo imeondoka, hata kama kadi bado iko kwenye pochi yako na mashine bado inaikubali. Kinachofanyika baada ya hapo, yaani kuendelea kutibiwa huku kampuni haijaarifiwa, ni udanganyifu kwa macho ya mkataba, na unawagusa nyote wawili: yeye aliyenyamaza na wewe uliyetumia.

Watu hudhani kwamba hakuna atakayejua. Dawa za kila mwezi kweli zinaweza kupita bila mtu kuuliza. Yakija madai makubwa, kama upasuaji au kulazwa kwa siku nyingi, faili hufunguliwa na mtu huketi kulipitia ukurasa kwa ukurasa, na mara nyingi huomba cheti cha ndoa na uthibitisho kwamba ndoa hiyo ingalipo. Njia ya pili ya kugundulika ni ya kawaida zaidi. Mwanachama anaoa tena, anajaza fomu ya kumwingiza mke mpya, na nafasi ya mwenzi inaonekana imekwisha kujazwa. Hapo ndipo anaulizwa yule wa kwanza ameondoka lini. Kampuni ikiipata tarehe ya hukumu, inarudi nyuma hadi siku hiyo na kudai kila kilicholipwa tangu wakati huo. Nimewahi kushika faili ambalo deni la namna hiyo lilikuwa la miezi 17, na mwajiri alipoarifiwa, suala lilihama kutoka kwenye bima likawa la nidhamu ya kazi. Mume wako anakutakia mema, lakini njia aliyoichagua inaweza kumgharimu ajira yake na kukuachia wewe bili ya hospitali.

Sasa kuhusu siku ya kukoma. Hakuna jibu moja, kwa sababu kila mkataba una kifungu chake. Ipo mipango inayokata siku ile ile hukumu inapotolewa, ipo inayomwacha mtegemezi hadi siku ya mwisho ya mwezi huo, na michache humwacha hadi mwisho wa kipindi ambacho michango yake imekwisha kulipwa. Mwombe mume wako akupatie kijitabu cha masharti, au aiombe ofisi ya utumishi kazini kwake. Usianze na orodha ya hospitali. Tafuta sehemu mbili tu, yaani tafsiri ya neno "mwenzi" na kifungu kinachoeleza utegemezi unakoma lini. Angalia vilevile kama kutengana kwa amri ya mahakama kunahesabiwa sawa na talaka, kwa kuwa baadhi ya mipango huandika hivyo, na wanandoa wanaojiona bado wamo hujikuta wamekwisha kutolewa.

Upasuaji wako unahitaji uangalifu wa pekee. Watu wengi huja na barua ya kibali cha matibabu iliyotolewa kabla ya talaka wakiamini kwamba inawalinda. Haiwalindi. Kinachoangaliwa ni kama ulikuwa na bima siku ile huduma ilipotolewa, na kibali cha mwezi uliopita hakiwezi kufufua bima iliyokwisha. Zungumza na daktari wako na umweleze hali yako bila kuficha, kisha umuulize kama upasuaji unaweza kufanywa mapema, kabla ya bima kukoma, bila madhara. Akisema mwili wako hauko tayari, msikilize yeye, na tatizo la bima tulitafutie njia nyingine.

Watoto watabaki. Talaka inavunja ndoa, haivunji uzazi, na mtoto wa mwanachama anaendelea kuwa mtegemezi hadi afikie umri uliotajwa katika mkataba. Ninaowahurumia ni watoto wa kambo, ambao waliingia kwenye bima kupitia ndoa ya mama au baba yao. Hao kwa kawaida hutoka pamoja na mzazi wao, isipokuwa kama waliasiliwa kisheria.

Jambo la mwisho: uliza kama kampuni inaruhusu mtegemezi anayetoka kuhamia bima binafsi bila kupimwa upya. Pale haki hiyo inapokuwepo huwa na muda mfupi wa kuomba, wiki chache tu. Kwa mtu mwenye shinikizo la damu ni haki yenye thamani kubwa, kwa kuwa bima mpya ya kuanzia sifuri inaweza kuweka kipindi cha kusubiri kwa maradhi uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga.

Nimeyapita_Haya alijibu:

Dada Subira, nakuandikia kwa sababu natamani mtu angeniandikia mimi wakati ule.

Nina kisukari. Siku moja nilikwenda kuchukua insulini kama kawaida yangu. Mhudumu wa dirisha la dawa alipitisha kadi kwenye mashine, akaifuta kwa kitambaa, akaipitisha tena, kisha akanigeuzia skrini ya kompyuta nijionee mwenyewe. Jina langu lilikuwepo, na pembeni yake kulikuwa na neno moja: "imesitishwa". Tarehe iliyoandikwa ilikuwa ya siku 19 nyuma. Ndani ya siku hizo 19 nilikuwa nimemwona daktari mara mbili na kupimwa damu mara moja, na zote tatu zilinirudia baadaye kama bili.

Aliyekuwa mume wangu hakufanya kosa lolote. Alitoa taarifa kazini kama alivyotakiwa, na kampuni ilituma ujumbe wa kuniarifu kwamba natolewa, ikaeleza na muda niliokuwa nao wa kuomba kuhamia bima binafsi. Ujumbe huo ulikwenda kwenye simu yake na kwenye anwani ya nyumba ambayo sote wawili tulikuwa tumeihama. Mimi sikuwa na mawasiliano yoyote katika faili lile. Kwa miaka tisa nilikuwa jina lililo chini ya jina la mtu mwingine, na sikuwahi kuliona hilo kuwa tatizo. Nilipokuja kuusoma ujumbe ule, muda wa kuomba ulikuwa umekwisha.

Kwa hiyo nakusihi, wiki hii hii, kabla ya hukumu, omba namba yako ya simu na barua pepe yako viandikwe kwenye kumbukumbu za bima. Omba nakala ya faili lako la matibabu: majibu ya vipimo, orodha ya dawa, barua za daktari bingwa. Utakapojiunga kwingine utaulizwa, na ni rahisi zaidi kuipata nakala hiyo ukiwa bado mwanachama. Na siku unapotoka, dai barua inayothibitisha ulikuwa na bima tangu lini hadi lini. Mimi niliipuuza barua hiyo, nikaja kuihangaikia kwa miezi miwili kwa sababu bima mpya ilitaka kujua kama sikuwahi kukaa bila bima.

Kuhusu watoto, ni kweli wanabaki, ila jiandae kwa usumbufu ambao haumo kwenye kijitabu. Mwanangu alivunjika mkono usiku, na hospitali ilipofungua faili lake ilituma namba ya uthibitisho kwa mwanachama mkuu. Baba yake alikuwa amelala, simu yake imezimwa. Tulikaa kwenye benchi, mtoto akiwa ameushikilia mkono wake kifuani, tukisubiri mtu mwingine aamke. Mwishoni nililipa mwenyewe ili ahudumiwe, na marejesho ya fedha ile yakaenda kwenye akaunti ya baba yake kwa kuwa ndiyo iliyosajiliwa. Alinirudishia, lakini si kila mtu angerudisha. Andikeni katika makubaliano yenu kwamba kila mzazi atakuwa na nakala ya kadi za watoto, kwamba namba yako itasajiliwa pia, na kwamba marejesho yatakwenda kwa yule aliyelipa.

Wakili_wa_Familia alijibu:

Wachangiaji wawili walionitangulia wamesema mengi ya msingi, nami nitaongeza upande wa sheria.

Mahakama inaweza kumwamuru mume wako. Kampuni ya bima, ambayo si mhusika katika shauri lenu, kwa kawaida haiwezi kulazimishwa na amri hiyo kumbakisha mtu ambaye mkataba wake unasema hastahili tena. Ndiyo maana sipendi kuona makubaliano ya talaka yakiandikwa kwa sentensi moja kwamba "mume ataendelea kumpatia mke bima ya afya". Sentensi hiyo inapendeza kusomwa na haitekelezeki. Itakuwaje mkataba wa kazini ukikataa? Itakuwaje akibadilisha kazi, au michango ikipanda? Andikeni kwamba atatoa fedha kwa ajili ya bima yako mwenyewe, mtaje kiasi au namna ya kukikokotoa, siku ya kulipa, muda wa kulipa, na jinsi utakavyothibitisha kwamba fedha hiyo imetumika kwa bima. Hilo ni sehemu ya matunzo, na mahakama inaweza kulisimamia. Kwa watoto, lisiishie kwenye "watabaki kwa baba". Taja pia nani atalipa kile ambacho bima haikilipi, kwa mfano miwani, meno, na dawa zisizo kwenye orodha.

Mengine yote yanategemea sheria ya nchi mliyomo, na tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Uingereza, ambako tangu 1948 huduma ya afya ya umma hutolewa kwa msingi wa ukaazi, talaka haigusi haki ya mtu kumwona daktari. Kanada nayo hutoa huduma ya msingi kwa ukaazi, lakini dawa na meno mara nyingi hulipiwa na mipango ya waajiri, na hapo talaka huuma. Ujerumani humwingiza bila mchango mwenzi asiye na kipato au mwenye kipato kidogo katika bima ya umma ya mwenzake. Nafasi hiyo hukoma hukumu ya talaka inapokuwa ya mwisho, na mtalaka anaweza kuendelea kama mwanachama wa hiari kwa michango yake mwenyewe.

Marekani ndiko suala hili limeandikiwa sheria kwa kina, pengine kwa kuwa watu wengi huko hupata bima kupitia kazi. Sheria inayojulikana kama COBRA, iliyopitishwa miaka ya 1980, inamruhusu mtalaka kuendelea na bima ya kundi ya mwajiri wa mwenzi wake kwa muda usiozidi miezi 36, ikiwa mwajiri ana wafanyakazi 20 au zaidi. Gharama ndiyo inayowashtua wengi, kwa sababu mtalaka hulipa mchango wote, ikiwemo sehemu aliyokuwa akiilipa mwajiri, na anaweza kutozwa hadi asilimia 102 ya gharama hiyo. Talaka lazima itolewe taarifa kwa wasimamizi wa mpango ndani ya siku 60, na asiyetoa taarifa anaweza kuipoteza haki yenyewe. Huko pia mtu aliyepoteza bima kwa talaka hufunguliwa dirisha la siku 60 kununua bima katika soko la umma, na tangu 2014 bima hizo haziruhusiwi kumkataa mtu wala kumtoza zaidi kwa sababu ya maradhi aliyokuwa nayo. Kipengele ninachokipenda zaidi katika sheria hizo ni kwamba mwajiriwa akimwondoa mwenzi wake mapema kwa kuwa anajua talaka inakuja, mwenzi huyo hapotezi haki yake ya COBRA talaka inapotoka. Na katika jimbo la California, amri inayochapishwa kwenye hati ya kuitwa mahakamani huwazuia wanandoa wote wawili kumwondoa mwenzake kwenye bima wakati shauri likiendelea.

Sijasema nchi yako ina sheria kama hizo. Nazitaja ili ujue maswali ya kumpelekea wakili wako: je, kuna muda wa kisheria wa kubaki? Nani anapaswa kutoa taarifa, na ndani ya siku ngapi? Je, naweza kuondolewa kabla ya hukumu?

Na muulize pia kuhusu tarehe. Ikiwa mkataba unasema bima inakoma mwisho wa mwezi wa hukumu, basi hukumu ya tarehe 30 na hukumu ya tarehe 2 ya mwezi unaofuata zinatofautiana kwa siku chache kwenye kalenda, ilhali kwako ni karibu mwezi mzima wa matibabu. Pale wahusika wanapokubaliana, si kosa kumwomba hakimu tarehe inayofaa. Ninyi hamgombani, kwa hiyo mnayo nafasi hiyo.

Subira_N aliandika tena:

Nimesoma kila neno, na nawashukuru kwa dhati. Nilimsomea mume wangu jibu la ndugu Meza ya Madai. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema hakujua kwamba kazi yake ingeweza kuingia mashakani. Siku iliyofuata alikuja na kijitabu. Kifungu kinasema mwenzi anatoka siku ya mwisho ya mwezi ambao ndoa imevunjwa, na kutengana hakukutajwa. Wakili wetu ameafiki kuomba tarehe ya mwanzoni mwa mwezi. Daktari naye amesema upasuaji unaweza kufanywa wiki tano mapema bila tatizo, mradi presha itulie, na namba yangu ya simu sasa imo kwenye faili.

Limebaki swali moja. Kazini kwangu kuna bima ambayo nilikataa kujiunga nayo miaka mingi iliyopita, kwa kuwa nilikuwa tayari kwenye bima ya mume wangu. Uandikishaji wao hufanyika mara moja kwa mwaka na umekwisha kupita. Je, nitasubiri hadi mwakani? Na nikiingia, niwaandikishe watoto huko pia?

Meza_ya_Madai alijibu:

Nimefurahi sana kusikia hayo, hasa kuhusu daktari.

Huenda hutalazimika kusubiri. Mipango mingi ya waajiri humfungulia mlango katikati ya mwaka mfanyakazi aliyekataa kujiunga kwa kuwa alikuwa na bima kwingine, kisha akaipoteza kwa talaka, kifo cha mwenzi au kupoteza kazi. Nenda ofisi ya utumishi kazini kwako sasa, kabla ya hukumu, ukaulize mambo matatu: kama nafasi hiyo ipo, ina siku ngapi, na siku hizo zinaanza kuhesabiwa kutoka tarehe ya hukumu au kutoka tarehe bima ya zamani inapokoma. Watu wengi wamekosa nafasi yao kwa kuhesabu kutoka tarehe isiyo sahihi. Waombe jibu kwa maandishi, hata kama ni barua pepe ya mistari miwili. Watakutaka ulete nakala ya hukumu na ile barua aliyoitaja dada Nimeyapita Haya inayoonyesha bima ya zamani ilikoma lini, kwa hiyo fomu ijaze mapema ibaki kuambatishwa hivyo viwili. Uliza pia bima mpya inaanza siku gani. Ikianza tarehe 1 ya mwezi unaofuata ule wa hukumu, hutakaa bila bima hata siku moja. Ikianza baadaye, omba dawa za kutosha kuvuka pengo hilo wakati kadi ya sasa ingali hai.

Watoto waache kwa baba yao kwanza. Wakiwa kwenye bima mbili hupati matibabu mara mbili. Kampuni hizo zitapangana ipi itangulie kulipa na ipi imalizie, na wewe utalipa mchango wa ziada huku ukijaza fomu nyingi zaidi. Waandikishe kwako ikiwa tu bima yako inalipia kitu wanachokihitaji ambacho ya baba yao hailipii, na ukifanya hivyo, zijulishe kampuni zote mbili siku hiyo hiyo.